Alama za Wapiga Chapa wa Kale

Wasikilizaji wangu, katika lugha yetu neno chapa lina kazi mbili. Kupiga chapa ni kutengeneza kitabu; na chapa vilevile ni ile alama ya mfanya biashara iliyo juu ya jora la nguo au kasha la chai, ambayo mnunuzi huitazama kabla ya kutoa fedha yake. Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za watu ambao kwao kazi hizo mbili zilikutana, yaani wapiga chapa wa Ulaya wa karne ya 15 na ya 16. Siku hizi alama zao huonekana katika kadi za salamu, ambazo watu hupelekeana wakati wa Krismasi na mwaka mpya. Mwenye kuipokea kadi huona picha ya pomboo aliyejizonga katika nanga, akadhani ni pambo tu. Walakini alama ile ilikuwa ahadi, na watu waliigombania.

Zamani kitabu kilipoandikwa kwa mkono, mnunuzi aliweza kumjua mwandishi na kumwuliza. Kilipoanza kupigwa chapa, nakala mamia zilitoka pamoja, zikauzwa katika masoko ya mbali. Nani angejua kama maneno yake ni sahihi? Johann Fust na Peter Schöffer wa Mainz, katika Ujerumani, walitia katika Biblia yao ya mwaka 1462 alama ya ngao mbili zilizoning’inia katika tawi. Wengine wakafuata desturi hiyo.

Aliyesifika kuliko wote ni Aldus Manutius wa Venice. Mtu huyu alikuwa mwalimu kabla hajawa mpiga chapa (nasi walimu twaweza kujivunia kidogo), na alitaka vitabu vya Wayunani na Warumi visomwe bila makosa. Mwaka 1501 alianza kutoa vitabu vidogo vya kuchukulika mkononi, kwa herufi za kuinama zilizochongwa na Francesco Griffo. Mwaka uliofuata akaanza kutumia alama ya pomboo na nanga. Picha hiyo ilikuwa katika sarafu ya fedha ya Kirumi, aliyopewa na rafiki yake Pietro Bembo. Erasmus, mwanachuoni wa Uholanzi, aliiona sarafu hiyo, akaeleza maana yake katika kitabu kilichopigwa chapa na Aldus mwenyewe mwaka 1508: pomboo ni mwepesi, nanga huzuia, basi fanya haraka, lakini polepole. Wanafunzi wangu hupenda kuifasiri kwa methali yetu, Haraka haraka haina baraka. Mimi sikubali. Methali yetu yaikataa haraka. Neno la Kirumi laiamuru, ila laifunga nanga.

Vitabu vile vidogo vilipendwa mno, na wivi ukaanza. Serikali ya Venice ilimpa Aldus hati ya kumlinda, lakini hati hiyo haikuwa na nguvu katika Lyon, mji wa Ufaransa. Wapiga chapa wa huko waliiga vitabu vyake, umbo na herufi, bila kutia jina lao, wala mji, wala mwaka. Mwezi wa Machi 1503 Aldus alitoa tangazo la kuwaonya wanunuzi: karatasi ya Lyon ni mbaya, tena ina harufu, na makosa ni haya na haya. Husimuliwa kwamba wale wezi walilisoma tangazo, wakayasahihisha makosa yao kwa kulifuata, wakaendelea kuuza.

Aldus alifariki mwaka 1515, wala ugomvi haukwisha. Mwaka 1518 shemeji yake, Francesco wa Asola, aliwaonya wasomaji kwamba watu wa Florence, waliposhindwa kuiga ubora wa kazi, sasa wameiba alama yenyewe. Lakini walikosea: pomboo wao alielekeza kichwa kushoto, na yule wa kweli alielekeza kulia. Fikirini, ndugu zangu: mwanafunzi aliye mbali na Venice, mwenye fedha ya kitabu kimoja tu, hakuwa na njia nyingine ya kujua asomacho kama ni sahihi au kimeharibika, ila kutazama kichwa cha pomboo.

Kuiga kwa heshima kulikuwapo pia. William Pickering, muuza vitabu wa London, aliitumia alama hiyo katika miaka ya 1830, akaongeza maneno ya Kilatini ya kujitangaza kuwa Mwingereza aliye mwanafunzi wa Aldus. Na katika jengo kuu la Maktaba ya Bunge la Marekani, lililofunguliwa mwaka 1897, alama za wapiga chapa zimechorwa katika dari za ujia wa juu.

Ndipo tufikapo kwenye kadi zetu. Zile zilizotengenezwa vema huandikwa nyuma jina la mpiga chapa wa kale, mji wake na mwaka: mambo yale matatu ambayo watu wa Lyon waliyaficha.