Osukuru: hakimu akiuliza kwenu ni wapi

Barabara ya kutoka Tororo, Uganda, kwenda Malaba hupita Osukuru, chini ya vilima vya fosfeti, na ukivuka mto Malaba umeingia Kenya. Waiteso wako kingo zote mbili. Kusini, kuelekea Busia, Wasamia nao wamegawanywa vivyo hivyo. Polisi wa huku akimuuliza mshukiwa uraia wake, mara nyingi anamuuliza mtu ambaye ng'ambo ana mjomba, shamba na makaburi ya wazee.

Mpaka wenyewe si wa zamani sana. Hadi 1902 Uganda ya Waingereza ilifika Kisumu na Naivasha. Mwaka huo mkoa wake wa mashariki ukahamishiwa eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya. Marekebisho mengine yalikuja na amri ya kifalme ya tarehe 1 Februari 1926. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaja tarehe hiyohiyo: ni raia kwa kuzaliwa yule aliyezaliwa Uganda na ambaye mzazi, babu au bibi yake ni wa jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka siku hiyo. Waiteso, Wajopadhola, Wasamia na Wagwe wamo kwenye orodha. Kwa hiyo kijana wa leo akikamatwa kwa wizi wa baiskeli, uraia wake unaweza kurudishwa hadi siku ambayo babu yake huenda hakuambiwa lolote kuhusu mipaka.

Mkoloni hakushughulika sana na nani kavuka mto. Alichotaka ni kodi na vibarua. Upande wa Uganda karatasi iliyomwokoa mtu mikononi mwa askari ilikuwa stakabadhi ya kodi. Upande wa Kenya ilikuwa kipande, yaani hati ya usajili, kilicholetwa na sheria ya 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni, na kosa lililompeleka kortini lilikuwa kumtoroka mwajiri. Reli ilipofika Tororo, na baadaye kiwanda cha saruji miaka ya 1950, wafanyakazi walitoka Kenya wakaja bila mtu kuwadai pasi.

Mambo yaligeuka baada ya uhuru. Sheria ya uhamiaji ya Kenya ilianza kutumika Desemba 1967, nayo Uganda ikatunga yake 1969. Watu wengi hukumbuka sheria hizi kwa jinsi zilivyowatikisa Wahindi. Huku mpakani zilimpiga jirani: mwaka 1970 serikali ya Rais Obote wa Uganda iliamuru Wakenya wa kazi za mikono waachishwe, na takriban 30,000 wakarudi kwao. Mtu aliyekuwa kibarua wa kawaida sasa angeweza kushtakiwa kwa kuwepo tu.

Ajabu ni kwamba sheria za jinai hazikuachana haraka hivyo. Sheria ya Kenya ya kurudisha wahalifu kwa nchi jirani, ya 1966, bado inamruhusu hakimu wa Kenya kuidhinisha hati ya kukamata iliyotolewa Uganda, na mshukiwa hupelekwa kwa amri ya mahakama. Lakini kortini kuna foleni, na lango la mpaka liko karibu, hivyo kishawishi ni kumvusha mtu moja kwa moja. Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010, Wakenya kadhaa walikamatwa kwao na kupelekwa Uganda bila kufuata utaratibu huo, na Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema ni kinyume cha sheria. Kesi ilipofika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliangukia kwenye muda: mwaka 2013 kitengo cha rufaa kiliamua kwamba ilikuwa imechelewa. Hao walikuwa raia wa Kenya ndani ya Kenya, na uraia haukuwafaa kitu.

Kwa mtu wa Osukuru jambo zito zaidi ni dhamana. Sheria ya Uganda ya kesi za Mahakama Kuu inamruhusu jaji aangalie kama mshtakiwa ana makazi ya kudumu katika eneo la mahakama, au kwa kawaida anaishi nje ya Uganda. Ushahidi wa kawaida wa makazi ni barua yenye muhuri ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ofisi hiyo ilizaliwa na mabaraza ya NRM, vuguvugu lililotwaa madaraka mwaka 1986, na nguvu yake inashangaza: mwanakijiji asiyejua sheria ndiye anayemwambia jaji kwamba mtu huyu ni wetu.

Tangu 2014 Mkenya na Mganda wanavuka kwa kitambulisho tu. Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walizindua kituo cha pamoja cha Busia, ambapo maofisa wa nchi mbili huketi chini ya paa moja na hati ya msafiri hupigwa mihuri yote miwili mahali pamoja. Mahakama hazikupata paa la namna hiyo. Mshtakiwa wa Tororo ambaye mama yake na ng'ombe wake wako Amagoro, upande wa Kenya, huja na barua ya chifu wa huko, ilhali wito wa mahakama ya Tororo ukifika Amagoro hauna nguvu juu ya mdhamini. Wakili wake hulazimika kutafuta shangazi upande wa huku, mwenye kiwanja, aliye tayari kuweka sahihi.