Kitulo, Bustani ya Mungu juu ya Chimala
Kutoka Chimala, barabara inapanda mlima kwa kona nyingi, maarufu kama Hamsini na Saba, hadi Matamba. Juu yake ipo Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya kulinda maua. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu.

Tunashauri uende kati ya Desemba na Aprili, maua yanapochanua. Beba koti la mvua na sweta: uwanda uko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari.

Zipo aina zaidi ya 40 za okidi. Viazi vyake huchimbwa na kuuzwa Zambia kutengenezea chikanda. Ukichimba kiazi, ua hilo halirudi mwakani. Tazama, piga picha, liache.