Miji ya Machweo: Kisa cha Anna, Illinois

Neno machweo tumezoea kulikuta katika ushairi, likiwa na uzuri wake. Nchini Marekani kutua kwa jua kuliwahi kuwa amri. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 ilikuwapo miji midogo ambamo mtu Mweusi aliweza kupita au kufanya kibarua mchana, lakini jua likizama alitakiwa awe amekwisha kuondoka. Tunapendekeza kuiita miji ya machweo, kwani Wamarekani nao wameipa jina kutokana na saa hiyo.

Tuchukue mfano wa Anna, kusini mwa jimbo la Illinois. Mji huu ulipewa jina la Anna Davie, mke wa mwanzilishi wake. Mnamo Novemba 1909 mwanamke Mzungu mwenyeji wa Anna, Anna Pelley, aliuawa katika mji wa Cairo (si ule wa Misri, huu uko Illinois hukohuko, inapokutana mito Ohio na Mississippi). Mtu Mweusi, William James, alishukiwa. Kabla hajahukumiwa, tarehe 11 Novemba umati wa maelfu ulimpokonya mikononi mwa sherifu, ukamtundika na kumpiga risasi, kisha ukamchoma moto. Sherifu alipoteza kazi kwa mujibu wa sheria ya jimbo ya 1905. Mwandishi Ida B. Wells alisafiri hadi Cairo kukusanya ushahidi ili asirudishwe, na gavana Charles Deneen akakataa kumrudisha.

Huko Anna, Wazungu waliwafukuza majirani zao Weusi. Baadaye herufi nne za jina la mji zikasomwa kama akronimu ya tusi, yaani Weusi hawatakiwi. Wanafunzi wetu wa isimu wazingatie hapa: asili ya neno ni moja, matumizi yake yakawa mengine kabisa, na hayo ya pili ndiyo yaliyovuma.

Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria ya mji wa Louisville iliyotenga makazi kwa rangi. Uamuzi huo haukuisaidia sana miji kama Anna, maana humo ubaguzi uliendeshwa kwa kibao kando ya barabara, onyo la polisi, au mwenye nyumba aliyedai chumba kimeshapata mtu. Vitabu vya historia za miji hiyo mara nyingi vilinyamaza. Ndiyo sababu James Loewen, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2005, alitegemea sana masimulizi ya wenyeji. Alitarajia kupata kama miji kumi ya aina hii katika Illinois, akapata mamia. Wanaodharau fasihi simulizi na masimulizi ya wazee kama chanzo cha historia wangefaa kumsoma.

Juni 2020, baada ya kuuawa kwa George Floyd, maandamano ya kupinga ubaguzi yalifanyika katika mitaa ya Anna yenyewe. Ile akronimu ilikuwa bado inajulikana.