Kuvuta Hewa na Kushindilia Hewa: Historia Fupi ya Istilahi Mbili za Ndege Ndogo

Mfasiri wa kitabu cha mwongozo wa ndege ndogo hukutana na istilahi mbili ambazo zote zinahusu hewa, lakini zinakwenda njia mbalimbali. Ya kwanza ni jina la pampu inayotoa hewa katika ala za rubani. Ya pili ni jina la kazi ya kuingiza hewa kwa nguvu katika chumba cha abiria. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi hizi hazina budi kutaja mwendo wa hewa. Tutaanzia Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kwa kuwa huko mambo haya yote mawili yalijulikana kwa vitendo kabla ya ndege kubuniwa.

Kwanza, mivukuto. Katika nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria, chuma kiliyeyushwa tangu kale. Mwaka 1978, wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha uchunguzi wao juu ya matanuri ya Buhaya, jirani na Karagwe, yaliyotumika zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wahunzi walipuliza hewa kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo iliyoingia ndani ya tanuri. Katika Karagwe yenyewe chuma kilikuwa sehemu ya ufalme, na masimulizi humtaja Mtawala Ndagara kuwa mhunzi hodari. Sasa tuutazame mvukuto wenyewe. Ukiinuliwa, huvuta hewa; ukishindiliwa, huisukuma. Vitendo ni viwili, na mhunzi hawezi kuvichanganya, maana akivichanganya moto utazimika.

Pili, uzito wa hewa. Mwezi Novemba 1861, John Hanning Speke na James Grant walifika Bweranyange kwa Mtawala Rumanyika, mwana wa Ndagara. Katika safari hiyo Speke alikuwa akichemsha maji na kupima joto la mchemko ili akadirie kimo cha nchi. Njia hiyo inatumika kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi, na maji chini ya hewa nyepesi huchemka mapema. Vilima vingi vya Karagwe na vya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, vimepita mita 1,500. Katika kimo hicho maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi za Selsiasi, na kanieneo ya hewa ni takriban sehemu tano katika sita za ile ya pwani. Ndiyo maana maharage ya huko hukaa mekoni muda mrefu kuliko ya Tanga.

Huko Ulaya, Evangelista Torricelli alikwisha kuupima uzito wa hewa kwa zebaki mwaka 1643, na yapata mwaka 1650 Mjerumani Otto von Guericke akatengeneza pampu ya kutoa hewa chomboni. Kwa hakika aliugeuza mvukuto: badala ya kusukuma hewa ndani, aliivuta nje.

Ndege ndogo ilirithi vitendo vyote viwili. Katika ndege nyingi zenye injini ya pistoni, pampu huvuta hewa kupitia ala zenye gurudumu linalozunguka kwa kasi. Hewa inayopita ndiyo inayolizungusha gurudumu, na ala humwonyesha rubani kama ndege imelala au imenyooka hata akiwa mawinguni. Kuhusu chumba, ndege kama Cessna 206 haiongezewi hewa. Abiria huvuta hewa ya kimo alichopo. Lakini Cessna P210, iliyoanza kuuzwa mwaka 1978, huchukua hewa iliyosongwa na turbo ya injini na kuiingiza chumbani, kisha vali huiachia itoke kwa kipimo. Isitoshe, katika baadhi ya ndege vali hiyo huendeshwa kwa nguvu ya hewa inayovutwa. Hapo vitendo viwili hukutana katika mtambo mmoja, na mfasiri asiye mwangalifu hupotea.

Tutoe mfano. Kipimo cha pampu katika ndege hizi kwa kawaida husoma inchi tano hivi za zebaki. Kikishuka, hewa haivutwi vya kutosha, gurudumu hupunguza mwendo, na ala huanza kumdanganya rubani polepole. Mfasiri akiandika "ombwe limepungua", msomaji aweza kudhani kwamba uwazi umepungua, hewa imerudi, na mambo ni mema. Akiandika "pampu haivuti hewa ya kutosha", hakuna wa kukosea.

Upande wa chumba pana tatizo jingine. Maneno yamezidi: kanieneo, lililoundwa kwa kani na eneo, hutumika katika fizikia, mgandamizo wa hewa husikika katika utabiri wa hali ya hewa, shinikizo ni la damu na la siasa. Yote yanataja hali, wala hakuna linalotaja kazi inayofanyika.

Kwa hiyo tunapendekeza *pampu ya kuvuta hewa* kwa istilahi ya kwanza, na *kushindilia hewa chumbani* kwa ya pili, na nomino yake iwe *ushindiliaji hewa*. Ombwe libaki kuwa jina la hali katika fizikia, na kanieneo libaki kuwa jina la kipimo. Kuvuta na kushindilia ni maneno ambayo hata asiyepata kuona ndege huyaelewa, na katika mwongozo wa ndege uelewa wa namna hiyo ndio unaolinda maisha ya watu.