Kitambulisho ni rahisi kwa nani? Uzi mfupi wa historia

1/ Kila mjadala wa Huduma Namba au Maisha Namba ukianza, kuna mtu husema "si ni kadi tu". Hapa Kenya haijawahi kuwa kadi tu.

2/ Sheria ya kusajili wanaume Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika baada ya vita. Mwanaume wa miaka 16 kwenda juu alibeba kipande kwenye kikebe cha chuma, wengi wakikining'iniza shingoni kama kengele ya mbuzi.

3/ Ndani: alama za vidole, kazi, mshahara, sahihi ya mwajiri. Mwajiri asiposaini kwamba amekuachilia, kupata kazi kwingine ni shida. Yaani kilitengenezewa bosi na askari. Mwenyewe, mara nyingi hata kukisoma hangeweza.

4/ Watu walikipinga. Machi 1922 umati uliodai kiongozi wao aachiliwe ulipigwa risasi Nairobi. Sheria mpya ilikuja 1947, lakini wakati wa Hali ya Hatari Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji pasi hata kusafiri. Wanawake nao waliingizwa kwenye usajili 1978.

5/ Kwa hivyo ukiambiwa kadi mpya ni rahisi, uliza: rahisi kwa nani? Nyanya wa Kiambere ataelewa kilichoandikwa juu yake? Jina likikosewa, litarekebishwa bila yeye kupanda matatu mara tatu? Hapo ndipo mjadala uanzie.