Kiwango cha sauti ya muziki nyumbani

Kiwango cha sauti ya muziki nyumbani ni ukubwa wa sauti unaomwezesha msikilizaji kuzipata vizuri ala na waimbaji bila kuumia masikio wala kumkera jirani. Hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida hufikia takriban desibeli 60, na muziki wa sebuleni unaowaacha watu waendelee kuongea hauzidi sana hapo.

Namba za kwenye redio hazisaidii: 20 ya sabufa moja ni mnong'ono, ya nyingine hutikisa vikombe kabatini. Kinachoamua ni kelele zilizokwishamo chumbani, kama pangaboi au mvua juu ya bati. Kuta tupu za saruji nazo hurudisha sauti. Zulia, mapazia na makochi huinyonya.

Wengi hupandisha sauti kwa kuitafuta besi. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell, Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa sikio husikia kwa shida sauti nene zikiwa ndogo. Ndiyo maana redio ikipunguzwa, gitaa la besi la rumba hupotea mapema kuliko mwimbaji. Dawa yake ni kuongeza besi peke yake, na amplifaya nyingi zina kitufe cha kazi hiyo. Katika nyumba za kupanga, hata hivyo, dawa hiyo ni uchokozi, kwa kuwa besi ndiyo hasa inayopenya ukuta, na pasipo na dari kila kitu hupita juu. Huko ni afadhali kusogeza kiti karibu na spika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni 75. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hukatwa nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni 10. Asiye na kipimo aangalie kama analazimika kupaza sauti ili asikike na mtu aliye karibu naye.

Inafaa kuanzia chini na kupanda polepole, maana sikio huzoea makelele haraka. Sauti iliyoonekana ya wastani usiku, wageni wakiwapo, humshtua mwenye nyumba anapowasha redio asubuhi.