Chuma, Moto na Ala: Ufundi wa Wahunzi wa Karagwe

Tunapozungumza juu ya historia ya chuma katika nchi yetu, mara nyingi tunaanzia kwenye tanuri na kuishia kwenye ncha ya mkuki. Tunataja mawe yaliyoyeyushwa, makaa yaliyochomwa na silaha zilizofuliwa, kisha tunafunga kitabu. Ni wachache wanaouliza kisu kilichokwisha kufuliwa kilikaaje mkononi bila kuchomoka mpini, au kilikaaje kiunoni bila kumjeruhi mwenyewe. Maswali haya yanaonekana madogo, lakini kisu kisicho na mpini imara ni kipande cha chuma tu, na kisu kisicho na ala humhatarisha zaidi yule anayekibeba.

Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi joto lilivyotumika kukutanisha chuma, mti na ngozi. Tutachukua mfano wa Bugene na nchi inayoizunguka, yaani wilaya za Karagwe na Kyerwa katika mkoa wa Kagera, ambazo zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012. Tutaonyesha pia kwa nini sehemu hii ya ufundi inaweza kupotea upesi kuliko chuma chenyewe.

Karagwe na chuma chake

Karagwe ilikuwa moja ya dola za kale katika eneo la Maziwa Makuu, na makao ya watawala wake yalikuwa Bweranyange. Wananchi wake, Wanyambo, ni ndugu wa karibu wa Wahaya kwa lugha na kwa mila. Katika lugha zao mhunzi huitwa omuhesi. Kazi yake haikudharauliwa, kwani Mtawala Ndagara, baba yake Rumanyika, anakumbukwa katika masimulizi kuwa yeye mwenyewe alikuwa stadi wa kufua chuma. Nyundo na fuawe vilihesabiwa pamoja na alama za utawala. Aliyeweza kuutawala moto alionekana kuwa na uwezo wa kutawala watu.

Mnamo Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe wakapokewa kwa ukarimu na Rumanyika. Mwaka 1876 alifika Henry Morton Stanley. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1878, Stanley alieleza hazina ya Rumanyika: sanamu za ng'ombe na za ndege za shaba, mikuki ya kila namna, na miundu ya chuma ambayo ubora wake ulimstaajabisha. Mundu huo, ambao wenyeji huuita omuhoro, ndio chombo kinachotumika mpaka leo kusafishia migomba. Kwa hiyo chombo kilichowekwa hazinani kwa mtawala kilikuwa na ndugu yake shambani kwa mkulima.

Hapa yatupasa kusema jambo moja bila kificho. Speke huyo huyo aliyekula chakula cha Rumanyika alichapisha kitabu mwaka 1863, akadai humo kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa wageni waliotoka upande wa Uhabeshi. Fikira hiyo ilitumika baadaye kuwaambia Waafrika kwamba kila jambo la maana lililopatikana kwao liliingizwa na watu wengine. Jibu la hoja hiyo limo katika kazi za mikono ya wazee wetu, na tukitaka kulisoma hatuna budi kuzijua kazi hizo kwa undani.

Ngazi za joto

Mwaka 1976, katika nchi ya Wahaya, wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani mwao walijenga tena tanuri mbele ya wataalamu wa Kimarekani Peter Schmidt na Donald Avery. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978. Walichimba shimo wakachoma humo matete ya bwawani ili kupata kaboni, wakajenga ukuta kwa udongo wa kichuguu na mabaki ya chuma cha zamani, kisha wakavuta mivukuto kupitia mabomba ya udongo yaliyoingia ndani ya tanuri. Karibu na ghuba ya Kemondo, kusini ya Bukoba, yamefukuliwa mabaki ya matanuri yenye umri wa miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000. Wataalamu wamebishana juu ya kiasi ambacho hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba hayo. Hata hivyo, hakuna shaka kwamba chuma, na hata chuma cha pua, kilitengenezwa hapa kwa ujuzi wa hapa.

Lakini joto la tanuri ni ngazi moja tu. Kuyeyusha mawe ya chuma huhitaji joto linalopita nyuzi 1,100 za Sentigredi. Kufua huhitaji nyuzi 900 hivi na zaidi, wakati chuma kina rangi ya machungwa. Chuma cha pua kilichokazwa kwa kutiwa maji huanza kupoteza ukali wake kikipashwa moto tena kupita nyuzi 200, na kikifika 300 hubadilika rangi kuwa samawati. Mti nao huanza kuungua karibu na nyuzi hizo 300. Ngozi mbichi iliyolowa hujikunja ghafla katika nyuzi 60 hivi, joto ambalo mkono hauwezi kulivumilia kwa muda mrefu. Mhunzi hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na rangi ya chuma, harufu ya mti, na kiganja chake.

Moto katika mpini

Tuanze na mpini. Sehemu ya kisu inayoingia ndani ya mpini huitwa msuka. Fundi hutoboa mti tundu dogo kuliko msuka, hupasha msuka peke yake moto hadi uwe mwekundu, kisha huusukumiza ndani. Chuma hujichomea njia yake, na tundu linalobaki lina umbo lile lile la msuka, pamoja na kila pembe na kila kasoro yake. Hakuna patasi inayoweza kufanya hivyo kwa urahisi. Aidha, mti haupasuki, kwa sababu nyuzi zake zimeungua pale ambapo zingesukumwa kwa nguvu.

Kazi hii ina hatari mbili. Fundi akikawia, tundu huwa pana na mpini hucheza. Joto likipanda hadi kwenye makali, kisu hulainika na kazi yote ya kukikaza huwa bure. Kwa hiyo ubao wa kisu hauna budi kuwekwa katika ubaridi, kwa maji au kwa kitu kibichi, wakati msuka unawaka. Sentimita chache tu hutenganisha joto linalotakiwa na joto linaloharibu.

Kisha huja pete ya chuma inayovikwa shingo ya mpini. Chuma hutanuka kiasi cha milimita 1.2 kwa kila mita kikipata nyuzi 100. Pete yenye upana wa milimita 30 ikiongezwa nyuzi 600 hutanuka kiasi cha milimita 0.2. Ni kidogo kama unene wa kadi, lakini yatosha kuifanya pete ipite ikiwa ya moto na kuubana mpini ikipoa. Mwalimu wa fizikia anaweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hii bila kutafuta mfano wa reli za Ulaya.

Moto katika ala

Ala ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu kisu lazima kishikwe na tena lazima kichomolewe. Katika nchi za Maziwa Makuu ala nyingi zilichongwa kwa mti, na nyingine zilishonwa kwa ngozi.

Adui wa ala ya mti ni unyevu. Mti mbichi ukichongwa leo kwa kipimo cha kisu, baada ya mwezi umekauka na kunywea, na kisu hakiingii tena au hakitoki. Kwa hiyo mti hukaushwa kwanza. Katika nyumba ya msonge mahali pa kukaushia palikuwa juu ya meko, ambapo joto ni dogo na la kudumu, na moshi huzuia wadudu. Ndipo nafasi ya kisu huchongwa. Pale ambapo kisu cha kuchongea hakifiki, chuma cha moto humalizia kwa kuunguza kidogo kidogo. Baadhi ya ala za eneo hili zina upande mmoja uliotobolewa matundu marefu. Matundu hayo yanapendeza, na pia humwezesha fundi kufika ndani, kumwaga maji ya mvua na kuuona ubao wa kisu usishike kutu.

Ala ya ngozi hufuata kanuni nyingine. Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji," na ngozi ni vivyo hivyo. Ngozi mbichi huloweshwa, huzungushiwa kisu kilichopakwa mafuta, hushonwa, kisha huachwa ikauke juu yake. Ikikauka hunywea na kushika umbo la kisu. Fundi mwenye haraka huisogeza karibu na moto, na hapo huharibu kazi, maana ngozi iliyolowa ikipata joto kali hupikika, hujikunja na kuwa ngumu ya kuvunjika. Joto linalofaa hapa ni la kivuli chenye upepo, au la jua la asubuhi. Basi fundi yule yule aliyeamuru moto mkali kwa chuma ndiye anayeamuru moto ukae mbali na ngozi.

Ujuzi huu haukukoma kwa mti na ngozi. Siku hizi, katika nchi nyingi, ala hutengenezwa kwa plastiki inayolainika kwa joto, ikabanwa juu ya kisu na kuachwa ipoe. Hata bomba la maji la plastiki hulainika hivyo, ingawa likiungua hutoa hewa yenye sumu na halifai kuchezewa ndani ya chumba. Kanuni ni ile ile: kilainishe, kibane, kisha ukiache kitulie.

Kilichobaki na kinachopotea

Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 chuma na majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya yalizima matanuri ya nchi hii. Wahunzi hawakwisha. Walianza kufua chuma chakavu, na ujuzi wa mpini na ala ukaendelea katika vibanda vyao. Lakini tazama namna historia inavyoandikwa. Mwanaakiolojia anapochimba hupata mavi ya chuma, vipande vya mabomba na pengine ncha ya mkuki. Mti umeoza, ngozi imeliwa na wadudu. Ardhi imetunza nusu ya kisu, na nusu nyingine ilitunzwa na watu. Kwa hiyo mtu anayetegemea ardhi peke yake ataandika historia ya watu waliokuwa na ncha lakini hawakuwa na mpini.

Mwaka 1962, nchi yetu ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni ili Taifa lijifunze tena kujithamini. Mwaka 1967 alieleza katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isimtenge kijana na kazi za jamii yake. Wajibu huo haujaisha. Mwanafunzi wa Bugene, au wa mahali popote penye kibanda cha mhunzi, anaweza kwenda na daftari akauliza mambo manne: mti gani hutumika kwa mpini na kwa nini, msuka hupashwa moto hadi rangi gani, ngozi hukaushwa wapi na kwa siku ngapi, na kila kifaa huitwaje kwa lugha ya hapo. Majibu hayo yakiandikwa, pamoja na kijiji na mwaka, yatakuwa historia ambayo hakuna jembe la mchimbaji litakaloifukua.

Chuma kinaweza kungoja karne nyingi ardhini. Mzee anayejua joto la ala hawezi kungoja hivyo, na heri tumwendee mapema.